CPA Haipatikani kwa Desa: Tufunge Majibu, Tushike Kalamu

Niseme mapema ili tusizungushane: namna wengi wetu tunavyosoma chuoni inatosha kutuvusha UE, lakini haitoshi kutuvusha mitihani ya Bodi. Na kwa sisi wa uhasibu, Bodi ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwa wenzetu wa koleji nyingine, Bodi tunayoisema ni NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Ndiyo inayosajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu nchini, na ndiyo inayotoa CPA(T). Mitihani yake hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Zamani tuliiona kama kitu cha Dar es Salaam. Siku hizi makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma, Tambukareli, na serikali nzima imehamia mji huu. Yaani kazi zipo jirani na Bodi ipo jirani. Kilichobaki mbali ni ufaulu.

Wengi wetu tutaanza mitihani hiyo baada ya kuhitimu, wachache wameshaanza. Lakini tabia ya kusoma haibadiliki siku ya kuvaa joho. Ile uliyoizoea mwaka wa kwanza ndiyo utakayoingia nayo kwenye chumba cha mtihani wa Bodi. Ndiyo maana naona mjadala huu unamhusu hata mwanachuo ambaye leo bado anahangaika na urari usiokubali kulingana.

Tuangalie kwanza kilichopo mezani. Shahada inakufanya msomi wa uhasibu, ila huwezi kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu za kampuni kwa shahada peke yake. Fungua matangazo ya kazi za uhasibu, ya serikali na ya binafsi, uone ni mara ngapi CPA(T) inatajwa, hasa kwa ngazi za juu. Halafu piga hesabu ya kuanguka. Ukikosa somo Mei, unasubiri Novemba. Ukikosa Novemba, unasubiri Mei. Miezi sita ya kulipa pango la chumba Ng'ong'ona au Makulu wakati bumu limeshakatika. Ada ya mtihani inatoka wapi? Kwa wengi inatoka kwenye alizeti ya mzee Singida, au zabibu za mama Mpunguzi, au ng'ombe aliyeuzwa mnadani. Na kila ukipiga simu nyumbani unaulizwa, "Mwanangu, si ulisema umeshamaliza?"

Kwa hiyo namna ya kusoma ni suala la pesa ya familia. Si suala la nani ana akili na nani hana.

Sasa tuje kwenye desa. Kila mwanachuo analijua desa: karatasi zilizotolewa kopi steshenari, zimepita mikono ya madarasa matatu, zina maswali na majibu yaliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu ambaye hata hatumjui. Desa lina nguvu yake kwenye mitihani ya chuo kwa sababu anayekufundisha ndiye anayekutungia. Umemsikiliza muhula mzima, unajua anapenda nini, unajua alisisitiza wapi. Ukikariri vizuri unatoka salama, bila sapu.

Mtihani wa Bodi hauko hivyo. Mtungaji humjui na yeye hakujui. Anatunga kutoka kwenye silabasi nzima, na anachopima ni kama unaweza kuchukua taarifa za biashara usiyoijua, zikiwa zimechanganyika, ukazipanga kwa muda mfupi. Mtu aliyekariri majibu hapo anakuwa kama dereva aliyejifunza njia ya kwenda Kondoa tu, kisha anaambiwa leo tunaelekea Mpwapwa.

Nitoe mfano kwa namba, maana sisi ni watu wa namba. Chukua kiwango cha IFRS 16, kile cha ukodishaji, kilichoanza kutumika Januari 1, 2019. Kampuni imepanga jengo la duka hapa mjini kwa miaka 3, pango ni shilingi milioni 10 kila mwisho wa mwaka, riba ni asilimia 10. Swali: deni la pango siku ya kwanza ni shilingi ngapi? Unatafuta thamani ya sasa ya malipo matatu: milioni 9.09, milioni 8.26 na milioni 7.51. Jumla milioni 24.87. Mali, yaani haki ya kulitumia lile jengo, nayo unaiandika kwa milioni 24.87. Ukisoma jibu hilo kwenye desa unatikisa kichwa, unasema, "Aah, kumbe rahisi," unafungua ukurasa mwingine.

Sasa mtungaji anabadili neno moja tu. Badala ya "mwisho wa mwaka" anaandika "mwanzo wa mwaka". Milioni 10 za kwanza zinalipwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo haziingii kwenye deni. Yanabaki malipo mawili yajayo, na deni linakuwa milioni 17.36. Mali inakuwa deni hilo ukijumlisha na milioni 10 uliyokwisha kulipa, yaani milioni 27.36. Aliyekariri 24.87 amekwisha. Aliyewahi kukaa na kalamu, akaulizana na lile swali kwa nini malipo haya yanaingia na haya hayaingii, anaendelea kama hakuna kilichotokea. Wote wawili walisoma mada ile ile. Mmoja alisoma kwa macho, mwingine kwa mkono.

Hili wataalamu wa kumbukumbu wamelipima. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi waliambiwa warudie kusoma, wengine waliambiwa wafunge karatasi na waandike wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 81 dhidi ya 75 ya wenzao. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, waliojijaribu walibaki na 56. Soma hizo namba mara mbili. Kurudia kusoma kunakupa raha ya leo usiku, halafu kunakuacha mkavu siku ya pepa. Mwaka 2013 Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kusomea. Kupaka rangi mistari na kurudia kusoma waliziweka kundi la chini. Kujipima kwa maswali na kusoma kwa kuachanisha siku waliziweka juu.

Angalia sasa tunachofanya tukiwa tunapiga msuli kwenye kimbweta. Kalamu ya rangi ya njano mkononi, desa mbele, tunasoma, tunapaka, tunarudia. Tumezipenda zile mbinu zilizowekwa chini.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni jepesi kulisema na gumu kulifanya: funga majibu. Bodi huchapisha mitihani yake iliyopita pamoja na majibu yanayopendekezwa. Hizo ndizo nondo za kweli, na kosa kubwa ni kuzisoma kama riwaya, swali kisha jibu, swali kisha jibu. Chukua swali, weka jibu mbali, andika mpaka mwisho hata kama unajua unakosea. Ukishamaliza ndipo ufungue jibu ujisahihishe kwa kalamu nyekundu, alama kwa alama. Swali moja lililofanywa hivyo lina faida kuliko kumi yaliyotazamwa.

La pili, kuwa na daftari la makosa. Kila ulipokosea andika kwa mstari mmoja umekosea nini na kwa nini: "Nimesahau kuondoa faida ambayo bado haijapatikana kwenye bidhaa zilizouzwa ndani ya kundi la makampuni." "Nimechukua uchakavu wa mwaka mzima, mali imenunuliwa Oktoba." Baada ya mwezi utagundua kwamba makosa yako si mengi kama ulivyodhani. Ni yale yale sita au saba yanayorudi kwa nguo tofauti. Wiki ya mwisho, daftari hilo lina thamani kuliko desa lolote, kwa sababu limeandikwa kwa ajili yako peke yako. Na ukimaliza la kwako, pitia pia ripoti za watahini. Wao wanakuonyesha wenzako walianguka wapi.

La tatu, tuachane na kukesha kama mkakati. Mwaka 1885 Mjerumani Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe, alionyesha jinsi tunavyosahau haraka tulichojifunza mara moja tu, na kwamba kukirudia kwa kuachanisha siku kunakisaidia kukaa. Wahenga wetu walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kalenda yetu yenyewe inaruhusu mpango. Kwa kawaida tunamaliza UE ya muhula wa pili mwezi Julai. Kutoka Agosti mosi mpaka mwisho wa Oktoba ni wiki 13. Saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 130. Mada uliyoifanya Jumatatu irudie Alhamisi kwa swali jipya, kisha wiki inayofuata, kisha mwezi unaofuata. Saa 130 zilizogawanywa hivyo huwezi kuzifidia kwa mikesha kumi ya mwisho, hata unywe kahawa ya mji mzima.

La nne, changanya mada. Tumezoea kumaliza kodi yote ndipo tuanze ukaguzi, na ndani ya somo moja tunafanya maswali kumi ya aina moja mfululizo. Ukifika la nne mkono unajiendea wenyewe, akili imelala. Mwaka 2007 Rohrer na Taylor waliwapa wanafunzi maswali ya hesabu ya ujazo wa maumbo. Waliofanya maswali yaliyochanganywa walihangaika zaidi wakati wa mazoezi, lakini wiki moja baadaye ndio waliofanya vizuri kwenye mtihani. Sababu yake inaeleweka: kwenye mtihani hakuna anayekuandikia juu ya swali kwamba "hapa tumia kanuni ya kodi iliyoahirishwa". Kutambua ni swali la nini ni nusu ya kazi, na nusu hiyo hatuifanyii mazoezi.

La tano ni saa. Chukua mtihani wa saa 3 wenye alama 100. Dakika 180 gawanya kwa 100 unapata dakika 1.8 kwa alama moja. Swali la alama 20 lina dakika 36, basi. Wangapi tumewahi kufanya swali la kuunganisha hesabu za kundi la makampuni kwa dakika 36, simu ikiwa imezimwa, bila kuchungulia? Watu wanaingia wakiwa wanajua, wanatoka wakisema, "Muda haukutosha." Alama za mwanzo wa kila swali ndizo rahisi kuzipata. Anayeng'ang'ania mizania ikae sawa kwa saa nzima anaziacha alama za bure kwenye maswali mawili ya mbele. Kuacha swali na kusonga nako ni ujuzi, na unafanyiwa mazoezi kama ujuzi mwingine.

La sita linahusu lugha, na hili hatulisemi vya kutosha. Tunajadiliana kwa Kiswahili, tunaandika mtihani kwa Kiingereza. Kwenye maswali ya maelezo, kama ya ukaguzi au maadili ya taaluma, unakuta mtu analijua jambo vizuri ila sentensi zinamkatikia. Dawa yake si kuacha Kiswahili. Mweleze jambo hilo kwa Kiswahili rafiki yako wa chumbani anayesoma ualimu au takwimu. Akielewa, ujue na wewe umeelewa. Kisha siku hiyo hiyo liandike kwa Kiingereza, nusu ukurasa, kama unavyomwandikia mtahini. Anayekariri aya za Kiingereza bila kuzielewa kwa lugha yake mwenyewe ataumbuka swali likigeuzwa kidogo.

La saba, desa huzeeka. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka, na mabadiliko yake kwa kawaida huanza Julai mosi. Desa la kodi la miaka mitatu nyuma linaweza kukufundisha viwango ambavyo havipo tena. Viwango vya kimataifa navyo haviganda: IFRS 18, kinachochukua nafasi ya IAS 1, kinaanza kutumika kwa mwaka wa hesabu unaoanza Januari 1, 2027 au baada ya hapo. Kabla ya kufungua karatasi yoyote, angalia tarehe yake, kisha angalia Bodi imesema mtihani wako utatumia sheria na viwango vya lini.

Najua yatakayosemwa. La kwanza: "Mbona kuna watu wamefaulu kwa desa?" Wapo, sikatai. Lakini waulize vizuri. Wengi wao walilitumia desa kama chanzo cha maswali, wakayafanya upya kwa mkono wao. Aliyelisoma tu kisha akafaulu masomo yote ana bahati, na bahati haigawiwi kwenye vimbweta.

La pili: "Bila kwenda mapindi ya kulipia hutoboi." Mapindi hayo yanasaidia, hasa kwa mada ambayo hujaifundishwa vizuri. Ila mwalimu akitatua swali ubaoni, anayejenga misuli ni yeye. Wewe umekaa unanakili. Kama una pesa ya mapindi, nenda, lakini kila saa moja ya kumsikiliza mtu iwe na saa mbili za kuandika mwenyewe. Kama huna pesa hiyo, usijione umeshaachwa. Kazi kubwa ya mtihani huu hufanyika mezani kwako.

La tatu ndilo zito: "Nipo PT, nashinda ofisini, jioni nimechoka." Kweli kabisa. Ndiyo maana nimesema saa mbili, sijasema nane. Na PT yenyewe ni darasa ukiitumia. Ukipewa kupanga hati za malipo, jiulize kila hati inaenda leja gani na mkaguzi angeuliza nini juu yake.

Nimalizie na vikundi vyetu vya majadiliano, maana hapo ndipo serikali ya wanafunzi inaweza kufanya kitu. Kikundi cha watu wanane ambapo mmoja anatatua na saba wanaitikia "sawa, sawa" ni sinema. Tubadili utaratibu: kila mtu aje ameshafanya swali nyumbani, karatasi zibadilishane mikono, tusahihishane, tubishane pale majibu yanapotofautiana. Asiyekuja na karatasi asikae. Itauma wiki mbili za mwanzo, baadaye tutashukuru.

Na kwa viongozi wetu, ombi langu halihitaji bajeti ya kutisha. Tuombeni chumba kimoja cha mihadhara kila Jumamosi asubuhi, kuanzia miezi mitatu kabla ya kila awamu ya mitihani. Pepa moja iliyopita, saa tatu kamili, simu mlangoni, kalkuleta na kalamu tu mezani. Msimamizi awe mwanachuo wa zamu. Wahitimu waliobaki mitaani hapa Dodoma wakisubiri awamu yao waruhusiwe kuja, maana nao ni wenzetu na wanajua mitihani hii inavyochoma. Walimu tuwaombe waje saa moja tu baadaye, kujibu maswali ambayo wengi wamekosea. Tumewahi kuandaa bonanza na usiku wa burudani kwa gharama kubwa kuliko hiyo.

Mwanachuo mwenzangu, usisubiri chumba hicho kipatikane. Leo jioni chukua swali moja la pepa ya nyuma, lifiche jibu lake, weka dakika 36 kwenye saa, uanze kuandika.